Mwenzetu Akikamatwa, Tukubaliane Kabla ya Kwenda Langoni

Hapa Voi, kijana wa bodaboda akikamatwa alasiri, kabla ya magharibi stejini pameshajaa watu. Wapo wanaosema twende sote kituoni tudai aachiliwe. Wapo wanaosema atafutwe mzee mmoja na wakili, sisi wengine tusubiri. Ni hivyo hivyo kwa wafugaji ambao mifugo yao imeingia mbugani Tsavo na mwenzao akashikwa. Wote wanampenda aliyeshikwa, wote wanataka alale kwake, na bado wanagombana. Ugomvi wa namna hiyo ulitangulia maafa makubwa jijini Nairobi mnamo Machi 1922. Nausimulia hapa ili sisi wa Taita Taveta, mimi nikiwemo, tusije tukaurudia.

Aliyekamatwa alikuwa Harry Thuku, kijana aliyefanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1921 yeye na wenzake waliunda chama cha East African Association, kilichowakusanya wafanyakazi wa Nairobi bila kujali kabila. Malalamiko yao yalikuwa mazito. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimekwisha punde. Sisi wa huku tunavijua vita hivyo, maana reli ya kijeshi ilijengwa kutoka Voi kwenda Maktau na kuendelea hadi Taveta, na wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi walikufa kwa wingi kwa maradhi na njaa. Waliorudi hai hawakupata shukrani. Walipewa kipande, cheti cha kazi ambacho kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kukibeba katika kikopo cha bati shingoni. Kodi ilikuwa imepanda, na mwaka huo wa 1921 walowezi wakaamua kupunguza mishahara kwa theluthi moja.

Thuku aliyasema hayo hadharani. Alisema na jambo jingine ambalo wengi walilinyamazia: wanawake na wasichana walikuwa wakilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Ndiyo maana akina mama walimpenda sana. Tulikumbuke hilo tunapoendelea.

Usiku wa tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa na kuwekwa katika kituo cha polisi Nairobi. Kesho yake wafanyakazi wakagoma na watu wakaanza kukusanyika mbele ya kituo. Tarehe 16 asubuhi umati ulikuwa umefika maelfu. Makadirio yanataja watu kati ya 7,000 na 8,000. Hawakuwa na bunduki. Mbele yao walipangwa askari wenye bunduki zilizofungwa singe.

Wakubwa wa chama walifanya jambo la busara: walichagua wajumbe wakaenda kumwona Charles Bowring, Katibu wa Koloni. Bowring hakuwaahidi kwamba Thuku angeachiliwa. Aliwataka waiachie serikali shauri hilo na kuwatawanya watu. Wajumbe wakarudi na maneno hayo tu. Wakauambia umati urudi nyumbani, na baadhi ya watu wakaanza kuondoka.

Akina mama hawakukubali. Waliona wanaume wamekwenda kumtafuta mwenzao, wamerudi mikono mitupu, na sasa wanawaambia watu wakalale. Mmoja wao, Mary Muthoni Nyanjiru, akasimama mbele na kupandisha nguo yake juu. Kwa desturi ya Wakikuyu hiyo ni aibu kubwa anayotupiwa mwanamume aliyeshindwa na wajibu wake. Akawaambia wanaume wavue suruali wampe yeye, nao wachukue rinda lake. Wenzake wakapiga vigelegele. Waliokuwa wanaondoka wakageuka, na umati ukasonga kuelekea lango na singe za askari. Risasi zikafyatuliwa. Simulizi za wakati huo zinasema hata walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk, karibu na hapo, walijiunga kufyatua. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Hesabu ya serikali ilitaja watu 21 waliouawa. Wenyeji waliamini idadi ilikuwa kubwa zaidi ya hiyo.

Na Thuku je? Hakutoka. Alipelekwa Kismayu bila kufikishwa mbele ya mahakama, akahamishwa kutoka kizuizi kimoja hadi kingine, na hakurudi kwao hadi mwanzoni mwa 1931. Chama kikavunjika.

Niseme wazi kabla sijaendelea: damu ile iko juu ya waliofyatua risasi na waliowapa amri. Aliyekwenda kumdai ndugu yake bila silaha hana hatia ya kuuawa. Hata hivyo ni lazima tutazame pia yale yaliyokuwa mikononi mwa wenzake Thuku, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyo mikononi mwetu leo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya siku zile mbili yalionekana.

Dalili ya kwanza ilikuwa katika ujumbe wenyewe. Waliokwenda kwa Bowring walikuwa wanaume peke yao. Wale ambao Thuku aliwatetea mashambani hawakuwa na mtu wao mle ofisini. Hawakusikia kwa masikio yao alichosema mkubwa yule, wala hawakupata nafasi ya kumuuliza swali. Waliletewa jibu wakiwa wamesimama juani. Mtu usiyemshirikisha katika shauri usitarajie alitii shauri hilo.

Dalili ya pili: wajumbe walipokwenda ofisini na walipotoka, umati haukuwa na kiwango ulichokubaliana. Je, wangeridhika wakionyeshwa tu kwamba Thuku yu hai? Wangeridhika wakipewa tarehe ya kesi? Au hawangeondoka mpaka atoke? Kila mmoja alikuwa na jibu lake moyoni. Kwa mjumbe, kurudi salama na maneno ya mkubwa kulikuwa hatua. Kwa mama aliyesimama langoni, kulikuwa usaliti.

Dalili ya tatu ilikuwa nafasi iliyozidi kupungua kati ya watu na bunduki. Siku mbili umati ulikuwa ukiongezeka mbele ya askari wale wale. Vigelegele vilipopigwa hapakuwa na muda tena wa kushauriana. Neno moja la hasira lilitosha.

Ninachokiona kizito zaidi ni hiki: pande zote mbili zilikuwa na nusu ya ukweli. Wajumbe walisema kweli kwamba bunduki zitaua. Ziliua. Akina mama walisema kweli kwamba wakitawanyika Thuku atapotea. Alipotea karibu miaka tisa. Hakutokea mtu wa kuzikusanya nusu hizo mbili. Ilikuwapo njia ya kurudi nyuma mbali na singe bila kwenda nyumbani. Iliwezekana kuomba ujumbe wa pili wenye akina mama ndani yake, na kudai wamwone Thuku kwa macho yao. Zaidi ya yote, mgomo ulikuwa umekwisha kuanza. Nguvu yao ya kweli ilikuwa katika kazi waliyoikataa, kuliko katika lango walilolisukuma. Ningekuwa pale ningeiona njia hiyo? Sina hakika. Moyo ukishawaka kwa ajili ya rafiki, macho huona mlango mmoja tu.

Kwamba njia nyingine iliwezekana, tunao ushahidi. Mwaka 1938 serikali iliwalazimisha Wakamba kuuza ng'ombe wao. Samuel Muindi Mbingu na wenzake wa Ukamba Members Association wakaongoza watu, wanaume, wanawake na watoto, kwenda Nairobi kwa miguu. Walipiga kambi wiki kadhaa. Walikuwa na dai moja lililojulikana na kila mtu kambini: waonane na Gavana mwenyewe. Hawakulivamia lango lolote na hawakukubali kutawanywa kwa ahadi. Gavana Brooke-Popham alilazimika kwenda kukutana na Wakamba Machakos. Mbingu baadaye alikamatwa na kupelekwa Lamu, na hilo lilikuwa pigo. Ila serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza mifugo yao, na umati ule haukumiminiwa risasi.

Wazee wetu wa Taita walikuwa karibu na harakati hizo. Taita Hills Association, chama kilichopigania ardhi ya milimani, kilishirikiana na Ukamba Members Association na Kikuyu Central Association, na mwaka 1940 vyote vitatu vilipigwa marufuku na viongozi wao kutiwa kizuizini. Kwa hiyo swali la namna ya kumkomboa mwenzenu aliyeshikwa si la Nairobi peke yake. Limelala katika nyumba za Wundanyi na Mwatate pia.

Leo tuna silaha ambayo Nyanjiru hakuwa nayo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kuwasiliana na wakili. Ni lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama iwapo muda huo unaishia usiku au wikendi. Ana haki ya dhamana kwa masharti ya haki isipokuwa kuna sababu nzito ya kumnyima. Nacho kifungu cha 37 kinatuhakikishia haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha.

Basi, ndugu zangu wa stejini, wa sokoni na wa malishoni, tujifunze. Chagueni wasemaji kabla hajakamatwa mtu yeyote, wasizidi wanne, na mmoja wao awe mama. Mkiitwa, wajumbe waende kaunta ya kituo, waulize nambari aliyoandikiwa mwenzenu katika OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, sababu ya kukamatwa na saa aliyoshikwa. Waandike hayo kwenye karatasi. Saa hiyo ndiyo mtakayoanza kuhesabia 24. Waombe kumwona. Wakitozwa dhamana ya pesa, wadai risiti. Kabla hawajaondoka kwenda kituoni, ulizaneni wote: tutaridhika na nini, na tukinyimwa tutafanya nini? Jibu likubaliwe na wenye hasira na wenye hofu pia, kwa sababu kila upande umeona kitu ambacho mwingine hajakiona.

Waliobaki wakae mbali na lango. Na wajumbe wakirudi mikono mitupu, wasiseme nendeni nyumbani. Waseme yote waliyoambiwa, neno kwa neno, kisha wakae chini na wenzao wapange hatua ya pili. Manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini nahodha asiyewasikiliza abiria wake naye hufika peke yake. Tusingoje mwingine akamatwe ndipo tuanze kubishana. Tuzungumze wiki hii, tungali sote nje.