Deni Lisilo na Mkataba

Je, kiumbe kinaweza kudaiwa kitu kilichopewa kabla hakijaweza kukubali wala kukataa? Swali hili huulizwa zaidi kwenye vitabu vya falsafa ya siasa, lakini lina makazi mengine ambayo wanafalsafa hawayatembelei: utumbo wa kitoto cha nguruwe katika siku yake ya kwanza duniani.

Kitoto hicho huzaliwa kikiwa na uzito wa kilo moja na kitu, kikiwa na mafuta machache mno ya kukipa joto. Upungufu ulio mkubwa zaidi hauonekani kwa macho. Damu yake karibu haina kingamwili kabisa. Kwenye kondo la nguruwe, tabaka sita za tishu hutenganisha damu ya mama na ya mtoto. Hewa na sukari hupenya, lakini kingamwili ni protini kubwa, na hukwama upande wa mama. Hivyo mtoto hutua bandani, penye kinyesi na bakteria wa kila namna, karibu bila ulinzi wowote wa kukutana nao.

Ulinzi huo umo ndani ya dang'a. Maziwa hayo mazito ya mwanzo yamejaa kingamwili ambazo mama alizitengeneza kutokana na maradhi aliyokutana nayo maishani mwake, na utumbo wa kitoto huyapokea kwa namna ambayo utumbo uliokomaa hauwezi. Kwa kawaida protini ikifika tumboni hukatwakatwa na vimeng'enya hadi ibaki vipande vidogo vidogo. Seli za utumbo mwembamba wa mtoto mchanga wa nguruwe humeza matone ya majimaji yalivyo, huyabeba katika vifuko, na kuzimwaga molekuli zikiwa nzima upande wa pili, ambako huingia kwenye limfu na kisha damu. Dang'a yenyewe huja na kizuizi cha tripsini, kimeng'enya ambacho kingezivunja kingamwili hizo njiani. Baada ya saa 24 hadi 36 hivi, upitishaji huo hukoma. Kinachouharakisha kukoma ni kula kwenyewe: kitoto kilichonyimwa chakula utumbo wake hubaki wazi kwa muda mrefu zaidi, kana kwamba bado unangoja.

Tena utumbo huo haubagui. Watafiti waliulisha protini ya yai, ukaipitisha. Waliulisha kingamwili za ng'ombe, zikapita. Hata polima ya kiwandani, isiyo na faida yoyote kwa mwili, ilionekana kwenye damu. Uwazi wa namna hiyo una gharama yake, maana bakteria waharibifu kama E. coli wakitangulia kabla ya dang'a, kitoto huweza kufa kwa kuhara au sumu ya damu ndani ya siku chache.

Falsafa ya mkataba huanza na picha iliyo kinyume kabisa na hii. Mwaka 1642, katika kitabu chake De Cive, mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes aliwaalika wasomaji wake wawafikirie watu kama viumbe waliochipuka ardhini ghafla mithili ya uyoga, wakiwa wamekomaa tayari na bila kufungamana na yeyote. Katika picha hiyo kila wajibu huanzia kwenye makubaliano. Hobbes alikuwa mkweli kwa hoja yake hadi mwisho: katika Leviathan, mwaka 1651, alidai kwamba hata mamlaka ya mzazi juu ya mwanawe hutokana na ridhaa ya mtoto, iliyotamkwa au iliyodhihirika kwa ishara nyingine. Ni dai la ajabu, na lazima litendewe haki, kwani nia yake ilikuwa njema: asiwepo mtu wa kumtawala mwenzake kwa sababu tu alimtangulia kuzaliwa. Lakini mpokeaji ambaye mwili wake haujaweza hata kuchagua kati ya dawa na plastiki hawezi kusemwa kwamba ameridhia. Kupokea kumetangulia ridhaa kwa umbali mkubwa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wanyama. Binadamu, hata hivyo, hupokea vilevile, tofauti ikiwa ni wakati. Kondo la mwanamke huruhusu kingamwili kupita, hasa katika miezi ya mwisho ya mimba. Ndiyo sababu mama mjamzito anayehudhuria kliniki Tanzania au Kenya hudungwa chanjo ya pepopunda: kingamwili zinazozaliwa mwilini mwake humvukia mtoto, zikamlinda katika wiki zile ambazo kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu kingeweza kumuua. Mtoto huyo anaishi kwa kumbukumbu ya mwili wa mtu mwingine.

Sheria ya Kiislamu ililitambua jambo la jamaa hii karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuona kingamwili. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mtoto aliyenyonyeshwa mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili na mwanamke asiyemzaa huwa mwanawe wa kunyonya, na watoto wa mwanamke huyo huwa ndugu asioweza kuoana nao. Hakuulizwa wala hakutia saini, na hata hivyo undugu huo humfunga maisha yake yote. Hapo pana fikra pevu kuliko uyoga wa Hobbes: mwili uliolishwa umekwisha kuwa na jamaa kabla mwenye mwili hajajitambua.

Bado swali la nani adai na nani alipe halijaisha, na bandani linakuja kwa ukali. Nguruwe huzaa kwa saa kadhaa, mara nyingi vitoto kumi na zaidi, huku kingamwili katika dang'a zikipungua kwa kasi ndani ya nusu siku ya kwanza. Vya kwanza hushiba. Cha mwisho, ambacho pengine ndicho kidogo kuliko vyote, hukuta chuchu zimeshikwa na maziwa yamepungua nguvu. Wafugaji makini huviondoa vile vilivyoshiba, wakaviweka kwenye sanduku lenye joto kwa saa moja au zaidi, ili vilivyochelewa vinyonye. Kwa kipimo cha mkataba, kitoto cha mwisho hakina haki ya kudai chochote kwa ndugu zake wala kwa mfugaji. Mfugaji anayevihamisha vilivyoshiba anatenda kwa imani kwamba haki hiyo ipo, na kwamba wajibu wa kuitimiza umemwangukia yeye kwa sababu ndiye pekee pale bandani anayejua saa zinavyokwenda.