Je, Kutazama Ndege ni Uvivu?

Mtu ashukaye kutoka Mwandiga siku ya Jumamosi, wakati wa kiangazi, akaketi kutwa nzima ufukoni Kibirizi akitazama ndege, hawezi kukosa kuulizwa: "Ndugu, wapata nini hapo?" Swali hilo si la kubezwa. Latoka kwa watu ambao ziwa ndilo shamba lao. Tena ndani yake mna swali lingine lililo kubwa zaidi: mwanadamu ana shughuli gani na kiumbe asichokila, asichokiuza, wala asichokiogopa?

Kwanza tuseme ni nini kinachoonekana. Kwazi, yule tai mwenye kichwa cheupe, hukaa juu ya mti kwa muda mrefu bila kutikisika, kisha hushuka mara moja na kuinuka na samaki kuchani. Mdiria mwenye rangi nyeusi na nyeupe husimama hewani akipigapiga mabawa, kana kwamba ametundikwa kwa uzi, kabla ya kujitupa majini. Mnandi akiisha kuzamia huyatanua mabawa yake jiweni ili yakauke, maana manyoya yake hulowa. Na katika michikichi, fahari ya Kigoma, yuko ndege wa ukoo wa tumbusi aliyeiacha desturi ya jamaa zake: chakula chake kikubwa ni chikichi, wala si mizoga. Huyo ndiye atufurahishaye sisi kuliko wote.

Wavuvi nao hutazama, na hutazama vizuri. Wajua kwamba usiku wa mbalamwezi taa haziwavuti dagaa, basi siku hizo hupumzika. Lakini huko ni kutazama kwa kutafuta, na atafutaye huona zaidi kile akitafutacho. Yako mambo ambayo hayaonekani ila kwa mtu aliyekubali kungoja bila kudai.

Mfano hauko mbali. Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall, msichana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 26, asiye na shahada yoyote, alifika Gombe, mwendo wa kilomita zipatazo 16 kaskazini ya mji wa Kigoma. Sokwe walimkimbia majuma mengi. Aliketi mlimani akingoja. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo alimwona dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka majani katika kichuguu, akivua mchwa na kuwala. Tena alionekana sokwe akipukutisha majani ya kijiti ili kifae kwa kazi hiyo. Siku zile wenye elimu walikuwa wakifundisha kwamba kutengeneza zana ni sifa ya mwanadamu peke yake. Hatusemi kwamba wenyeji hawakuwajua sokwe. Waliwajua tangu kale. Twasema tu kwamba fundisho kubwa la wataalamu lilianguka kwa sababu mtu mmoja aliketi.

Hata hivyo, haitupasi kusahau kwamba kuketi kwataka tumbo lililoshiba. Tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa, ili samaki wapate kuzaliana. Huenda sababu ilikuwa njema. Lakini kwazi hakufungiwa, na mvuvi alifungiwa. Mtu aliyesimama ufukoni miezi ile akausifu ustadi wa kwazi, bila kuyageuzia macho mashua yaliyovutwa mchangani, huyo twamwita mvivu, hata akiwa ameandika majina ya ndege mia.

Kwa maana macho yaliyozoezwa vema hayachagui. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall alipita kwa ndege juu ya Gombe, akaona kwamba nje ya mipaka ya hifadhi vilima vilikuwa vimebaki bila miti, na watu walikuwa wengi kuliko ardhi iliyoweza kuwalisha. Alikuwa amekuja kwa ajili ya sokwe. Sasa akawaona majirani. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE katika vijiji vya mwambao. Watanzania waliotumwa vijijini hawakuanza na habari za sokwe. Waliwauliza wanavijiji wana haja ya nini, nao wakajibu: chakula zaidi, afya na shule.