Kushea Peke Yako

Mtu anaweza kushea peke yake, saa nane za usiku, mlango umefungwa na taa imezimwa. Kugawana peke yake hawezi. Tofauti imekaa mwishoni mwa kitenzi: gawa huwa gawana, changia huwa changiana, azima huwa azimana. Kiswahili kikishatia -ana, kimemwita mtu wa pili aje asimame hapo. Neno shea tulilikopa, na mara nyingi tunalitumia bila mkia huo. Sidhani kama ni uvivu. Nadhani masikio yetu yalihisi jambo mapema.

Nayasema haya kwa sababu wapiga picha, waimbaji, waandishi na wachora katuni wameambiwa kwa miaka mingi sasa kwamba wanaishi katika uchumi wa kushirikiana. Mwenye gari katoa gari, mwenye nyumba katoa chumba, nawe toa wimbo wako. Lakini chumba akilala huyu leo, yule atafute pengine. Wimbo haupungui. Wausikilize watu kumi au laki moja, mwenyewe anabaki nao mzima. Basi kama wimbo haugawanyiki, pale kinachogawanywa ni nini?

Ni masikio. Spotify, iliyofika Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2021, hukusanya fedha katika chungu kimoja, kisha hupakua kwa kadiri ya fungu la kila wimbo katika usikilizaji wote. Tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 hauhesabiwi katika mgao wa rekodi. Kwa hiyo mwimbaji hagawani chochote na msikilizaji wake. Anagombea sinia moja na waimbaji asiowajua, na anayejua nani kala matonge mangapi ni mwenye sinia tu.

Sasa ingia ukumbi wa taarabu. Mwanamke ananyanyuka kitini na noti mkononi. Haendi jukwaani wakati wowote tu. Anangoja ubeti wake. Ubeti ukifika, anakwenda kwa madaha, mkono juu, anamtunza mwimbaji, na njiani macho yake yanatua pale yalipokusudia kutua. Noti ile ni malipo, ndiyo, lakini ni kauli pia. Ameazima kinywa cha mwimbaji kusema la moyoni mwake. Mwimbaji kaimba, yeye kaelekeza, na aliyelengwa kanuna mahali alipoketi: maana ya wimbo usiku huo imeundwa na watu watatu. Na lugha haikukosea kuliita tendo hilo kutunza, neno lilelile tunalotumia kwa mtoto na kwa bustani. Kwenye simu naweza kubonyeza alama ya moyo mara mia, na hakuna atakayenuna.

Hapo ndipo ninapoiona sura ya kushiriki. Si kutoa kwa wingi, wala kufikia wengi. Ni kuwa mahali ambapo tendo lako linaweza kujibiwa na mtu anayekujua.

Kisa cha picha kinanisaidia zaidi. Mwaka 2000 huko Kanada, Bruce Livingstone alianzisha iStockphoto, mahali ambapo watu walipeana picha bure. Baadaye picha zikatiwa bei, na mwaka 2006 mtandao ule ukauzwa kwa Getty Images kwa dola milioni 50. Wapiga picha waliokuwa wakiujaza waliitwa wachangiaji. Jina zuri; kwetu mchangiaji wa harusi angalau hupata sahani ya pilau. Livingstone huyohuyo, mwaka 2012, alishirikiana na wenzake kuunda Stocksy kwa mfumo mwingine: ushirika unaomilikiwa na wapiga picha wenyewe, ambapo mpiga picha hupata asilimia 50 ya leseni ya kawaida na 75 ya ile pana. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ambaye babu zake waliunda chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, haelezwi maana ya jambo hilo. Anajua raha yake, na vurugu zake za mikutano pia.

Ila Stocksy ina mlango. Haipokei kila anayebisha. Jambo hili linanikosesha raha, kwa sababu linaifuata hoja yangu mpaka nyumbani. Anayesema kugawana lazima aseme kati ya nani na nani, na akishawataja, kuna waliobaki nje. Akhwan Safaa, kikundi cha taarabu cha Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa jumuiya ya wanachama. Ilijua nani wake. Kijana wa leo mwenye simu na bando, asiye na mjomba katika kikundi chochote, asingekuwa na mahali pale. Mtandao usiomjua mtu ndio huohuo uliomfungulia, maana haukumuuliza yeye ni mtoto wa nani. Siwezi kuudharau mlango huo kwa kuwa tu nyuma yake hakuna mwenyeji. Wala siwezi kuuita nyumba.

Rafiki yangu hupiga picha za harusi. Picha zake huzunguka mitandaoni bila jina lake, na amezoea. Siku hizi hata halalamiki. Juzi nilimkuta akifuta lenzi kwa upande wa ndani wa kanzu yake, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Haikuwa yake. Kuna wapiga picha wanne mtaani kwao wanaoazimana lenzi hiyo, na daftari lao la zamu liko kwa fundi simu. Kwa nini asiipumzishe kwanza, nilimuuliza, maana harusi ilikwisha alfajiri na macho yake yalikuwa mekundu. Alisema mwenzake ana sendoff saa kumi, na mara ya mwisho aliporudisha lenzi ikiwa na alama ya kidole, alisemwa wiki nzima.