Aliyeshindwa na Afundishe

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilimfelisha kijana mmoja mazoezi ya kufundisha kwa sababu alikwama mbele ya darasa akalia. Nilimwambia, "Mwalimu hashindwi mbele ya wanafunzi." Neno hilo lilinirudia na kunisuta niliposoma habari za Hajime Moriyasu wa Japani.

Tarehe 28 Oktoba 1993, mjini Doha, Japani ilikuwa ikiongoza Iraki mabao 2 kwa 1. Ingeshinda, ingekwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Dakika za mwisho Iraki wakasawazisha, na safari ikafa. Moriyasu, mwenye miaka 25, alikuwa kiungo wa Japani siku ile.

Je, mtu wa namna hiyo apewe timu aiongoze? Alipewa. Akiifundisha Sanfrecce Hiroshima alitwaa ubingwa wa Japani mwaka 2012, 2013 na 2015; mwaka 2018 akakabidhiwa timu ya taifa. Mwaka 2022 alirudi Qatar, akazifunga Ujerumani na Hispania 2 kwa 1, mara zote mbili akitokea nyuma. Kisha Kroatia wakamtoa kwa penalti, naye akawainamia mashabiki.

Sisemi kwamba kushindwa humfanya mtu mshindi, hasha. Nasema aliyewahi kuanguka hadharani anajua anayetetemeka anahitaji nini. Mimi sikuwahi kuanguka hivyo, ndiyo maana sikujua. Nilipaswa kumrudisha kijana yule darasani kesho yake, nami niketi dawati la nyuma.