Chakula cha Liwali

Jumatano

Soma Nehemia 5:14–18 na 13:4–13. Nehemia alikataa kitu gani alichokuwa na haki nacho? Ni nini kilichoharibika alipoondoka?

Nehemia alikuwa liwali wa Yuda kwa miaka 12, tangu mwaka wa 20 hadi wa 32 wa mfalme Artashasta. Cheo chake kilikuwa na posho: chakula cha liwali, kilichogharimiwa na wananchi. Waliomtangulia walichukua chakula na divai, wakatoza na shekeli 40 za fedha, na hata vijana wao wakawaonea watu. (Jambo la vijana hawa lastahili kuangaliwa. Mara nyingi mwananchi hamfikii mkubwa mwenyewe. Huishia kwa mlinzi au karani, na hapo ndipo anapoijua serikali yake.)

Posho ile ilikuwa halali. Hakuna ambaye angemshtaki Nehemia kwa kuipokea. Lakini watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme (Neh. 5:3, 4). Yeye na vijana wake nao walikuwa wakikopesha, hivyo alipowataka wakuu waache riba alijihesabu miongoni mwao (Neh. 5:10). Kisha akaenda mbali zaidi. Mezani pake walikula Wayahudi na wakuu 150, mbali na wageni; kila siku palitayarishwa ng'ombe mmoja, kondoo sita na kuku, wala hakudai posho kwa ajili ya gharama hiyo. Shamba pia hakununua, na wakati wa njaa ndipo mashamba huwa rahisi kwa mwenye fedha. Sababu zake ni mbili: kumcha Mungu, na uzito wa mzigo uliowalemea watu.

Hata hivyo mfano wake haukutosha. Alipokuwa kwa mfalme, kuhani Eliashibu alimpa Tobia, yule aliyeupinga ujenzi wa ukuta, chumba kikubwa kilichokuwa ghala la zaka na vyombo vya hekalu. Walawi hawakupewa sehemu zao, wakakimbilia mashambani kwao. Uaminifu wa liwali ulikuwa umesafiri pamoja naye.

Aliporudi alivitupa nje vyombo vya Tobia, na wengi huikumbuka hasira hiyo. Hatua iliyofuata haikuwa na kelele, nayo ilikuwa nzito zaidi: aliweka watunza hazina. Walikuwa kuhani Shelemia, mwandishi Sadoki na Pedaya Mlawi, na Hanani akiwasaidia. Ghala moja, watu wanne, tena si wa kazi moja. Sifa yao iliyotajwa ni kwamba walihesabiwa kuwa waaminifu. Kazi yao, kuwagawia ndugu zao.

Maswali ya Kujadili: Ni haki gani ya cheo, iliyo halali kabisa, inayoweza kuwalemea watu unaowahudumia? Kama ungehamishwa kesho, ni nani angeshika funguo, na kwa nini yeye?