Kodi ya Nyumba: Khasara ya Msimu ni ya Nani?

Tumeulizwa zaidi ya mara moja na ndugu zetu wa Ukunda, Diani na Msambweni suala ambalo kwa juu laonekana dogo, na undani wake ni mkubwa. Mtu ana nyumba ya vyumba sita, ameijenga kwa pato la miaka mingi, wala hana rizki nyingine ila kodi yake. Wapangaji wake ni wafanya kazi wa hoteli. Hoteli zikikosa wageni, kazi husimama, na kodi husimama nayo. Je, mwenye nyumba ana haki ya kudai kodi yake yote? Na mpangaji aliyekosa kazi, ana haki ya kukaa bila ya kulipa? Khasara ya msimu ulioharibika ni ya nani katika wawili hawa?

Suala hili watu hulijibu kwa kutazama upande mmoja. Wako wasemao kuwa mwenye nyumba ni tajiri, na tajiri hapungukiwi. Na wako wasemao kuwa mali ni yake, basi na afanye atakavyo. Kauli zote mbili zimeipita hali kama ilivyo.

Kwanza na tumtazame huyo aitwaye mwenye nyumba. Wengi wao huku kwetu kusini si matajiri. Ni mjane aliyeachiwa nyumba na marehemu mumewe, au mwalimu aliyestaafu, au mpishi wa hoteli aliyejenga chumba baada ya chumba. Tuchukue mfano wa vyumba sita, kila kimoja shilingi 3,000 kwa mwezi. Vikijaa vyote, pato ni shilingi 18,000 kwa mwezi, yaani 216,000 kwa mwaka. Lakini katika hizo kuna mabati yanayoliwa na chumvi ya bahari, kuna choo kilichojaa, kuna maji, na kuna chumba kilichokaa kitupu miezi mitatu. Akiongeza vyumba vikawa tisa, pato lake litafika shilingi 324,000 kwa mwaka, naye huwa amepita mpaka wa shilingi 288,000 ambao juu yake Serikali hudai fungu lake. Ushuru huo wa mapato ya nyumba za kukaa ulianza kwa asilimia 10, na tangu Januari 2024 ukashushwa kuwa asilimia 7.5. Nao hukatwa katika kodi yote iliyopokewa, kabla mtu hajatoa bei ya msumari mmoja.

Tena huenda hata ardhi si yake. Mwambao wetu una desturi kongwe ya nyumba bila ardhi: kuta na paa ni za mtu, na kiwanja ni cha mwingine, naye hulipwa kodi ya ardhi. Mtu huyu ni mwenye nyumba mbele ya walio ndani, na ni mpangaji mbele ya mwenye kiwanja. Aongezewapo kodi ya ardhi bila ya kushauriwa, hulia kuwa amedhulumiwa. Basi na aukumbuke uchungu huo siku atakayobisha hodi kwa mpangaji wake kumpa khabari kama hiyo.

Pili na tuitazame khasara yenyewe, kwani si ya namna moja. Iko khasara ijulikanayo na kila mtu. Wageni wa Diani huwa wengi Julai na Agosti, kisha Desemba mpaka Machi. Masika yakiingia, Aprili mpaka Juni, hoteli hupunguza watu, na jambo hili hurejea kila mwaka. Iko na khasara ambayo wakati wake watangazwa mbele. Mgodi wa titani wa Kwale ulianza kusafirisha mchanga wake mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Madini ni kitu cha kwisha, na kwisha kwake kulisemwa miaka kabla. Aliyejenga vyumba kwa kuwategemea wafanya kazi wa mgodi tu alikuwa amejenga juu ya kitu chenye mwisho. Na iko khasara asiyoijua mtu, kama ile ya mwaka 2020, wakati ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa mwezi wa Machi mpaka Agosti, na mwezi wa Aprili ikakatazwa kuingia na kutoka Kwale, Mombasa na Kilifi. Hoteli zikafungwa, na watu wakarejea majumbani mikono mitupu.

Khasara mbili za mwanzo, twaonelea, mwenye nyumba hana haki ya kumtwisha mpangaji. Kanuni mashuhuri ya mafakihi ni kuwa faida hufuata dhamana: mwenye kula pato la kitu ndiye mwenye kubeba hatari yake. Mtu akimtoa mpangaji wake wa miaka mwezi wa Desemba ili aingize wageni wa usiku mmoja kwa bei maradufu, kisha mwezi wa Mei akalalamika kuwa chumba ni kitupu, amependa faida na kuikimbia dhamana. Aliyeweka kando sehemu ya kodi ya Januari kwa ajili ya Mei hana haja ya kugombana na mtu. Na mpangaji naye ayajua masika kama ayajuavyo mwenye nyumba. Akitumia mshahara wote wa msimu mwema, asilifanye jambo hilo kuwa hoja.

Uzito uko katika khasara ya tatu. Ijara, kwa maana yake, ni kuuza manfaa ya kitu kwa muda ujulikanao na ujira ujulikanao. Nyumba ikianguka, manfaa yameondoka, na kodi ya muda uliobaki huanguka nayo. Lakini nyumba ikiwa nzima na ufunguo u mikononi mwa mpangaji, madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa Mwambao, husema kuwa udhuru wa mpangaji mwenyewe hauvunji mkataba. Hanafi wamesema kuwa udhuru mkubwa, kama mfanya biashara kufilisika, wampa mtu njia ya kuuvunja. Twaona kauli ya Hanafi ina maslaha zaidi katika jambo hili, kwani kumfunga mtu asiye na kitu kwa mkataba wa mwaka mzima hakumnufaishi yeyote. Lakini msomaji na atambue kuwa tofauti yao ni juu ya muda ujao. Ama miezi ambayo mtu amekwisha kaa, kodi yake ni deni, na kukosa kazi hakulifuti.

Deni likithibiti, wadaiwa ni wawili. Yuko mwenye uwezo ambaye huchelewesha kwa makusudi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, amekuhesabu kuchelewesha kwake kuwa ni dhulma. Na yuko mwenye dhiki ya kweli. Huyu, aya ya 280 ya Suratul Baqara imeamrisha apewe muhula mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Muhula ni wajibu, na msamaha ni hisani. Mpangaji asiudai msamaha kama haki yake, na mwenye nyumba asiutoe muhula kama kwamba ni hisani yake.

Ama kuupiga mlango kufuli watoto wakiwa nje, au kuezua mabati ili mtu ahame, hilo halina njia. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, ihusuyo nyumba za kukaa ambazo kodi yake haipiti shilingi 2,500 kwa mwezi, haimruhusu mwenye nyumba kumtoa mtu bila ya amri ya baraza lake. Na hata pasipo sheria, aliyeuza manfaa hana haki ya kuyapokonya kwa nguvu kabla muda haujakwisha.

Hapa mjane wetu atatwambia: Mwanifundisha subira, na mimi leo nitakula nini? Muhula mnaompa yeye waulipa mtoto wangu. Suala lake ni la haki, wala halijibiwi kwa mawaidha. Wawili hawa wote ni maskini, na kumtwisha mmoja khasara yote ni kuongeza maskini mwengine. Tukumbuke basi kuwa katika mafungu manane ya zaka, yatajwayo katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, limo fungu la wenye madeni. Mpangaji aliyeelemewa na deni la kodi kwa msiba asiousababisha ni katika hao. Akilipiwa kwa zaka, deni lake limeondoka, na mjane amepata haki yake, kwa fedha moja. Lakini mwenye nyumba asije akasamehe deni kisha akasema kuwa hiyo ndiyo zaka yake, kwani wanazuoni wengi hawakulikubali hilo. Jibu letu ni hili: khasara iliyojulikana ni ya mwenye faida, na khasara ya msiba wa wote, wakishindwa wawili wale, ni ya jamaa nzima. Mji ambao watu wake hutoa zaka kwa mkono wa kila mtu na jamaa zake tu, wala hawana mfuko wa pamoja msikitini, umewaacha wawili hawa wapigane mlangoni.

Yaliyobaki ni mambo ya kutenda. Mkataba na uandikwe, hata kwa ukurasa mmoja, na muda wake utajwe pamoja na notisi ya kuhama. Amana ya mwezi mmoja, iitwayo dipoziti, na iwekwe kando. Mwenye nyumba akiitumia, imekuwa deni juu yake, na siku ya kuhama hana udhuru. Kila kodi na itolewe risiti, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Asijenge mtu kwa mkopo wa riba, kwani riba haijui masika wala kaskazi, na mwenye kubanwa nayo hambani ila mpangaji wake. Na kila msikiti wenye wapangaji katika safu zake na uanze mfuko wake sasa, kabla ya msiba mwengine kufika.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.