Khofu ya Mwaka 2000: Je, Tulidanganywa?

Katika darsa yetu ya Likoni kijana mmoja ametuuliza, ile khofu ya kompyuta ya mwaka 2000 haikuwa uzushi mtupu? Swali hili si dogo, kwani aliyesadiki kuwa alidanganywa jana hatamsikiliza mwonyaji kesho.

Asili yake ni hii. Watungaji wa programu za zamani waliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, 65 badala ya 1965, kwa kuwa nafasi ya kuhifadhia hesabu ndani ya mashine ilikuwa ghali mno. Ikifika 2000, mashine ingeona 00 na kudhani ni 1900. Deni la benki na umri wa mgonjwa vingehesabiwa kinyume.

Usiku wenyewe, wa kuamkia Jumamosi tarehe 1 Januari 2000, uliangukia katika kumi la mwisho la Ramadhani ya 1420. Sisi tulikuwa vijana, na tunawakumbuka walionong'ona msikitini kwamba taa zitazimika na Kiyama kimefika. Utadhani Saa ya Mwenyezi Mungu imefungwa kwenye kalenda ya Wazungu! Kulipokucha salama, watu wakacheka.

Waliocheka hawakuuliza ni nani aliyefanya kazi. Kwa miaka kadhaa mafundi walipekua programu mstari kwa mstari, kwa gharama iliyokisiwa kuwa mamia ya mabilioni ya dola duniani. Jahazi likikalafatiwa vyema, abiria hufika Lamu nguo kavu. Je, aseme kalafati amemwibia? Na palipobaki tundu, maji yaliingia: huko Sheffield, Uingereza, kompyuta ya hospitali ilikosea umri wa wajawazito, na wanawake zaidi ya 150 wakapewa majibu ya makosa juu ya watoto waliokuwa matumboni mwao.

Hatukatai kuwa palikuwa na kuzidisha. Italia ilitumia kidogo na haikuangamia. Na waliouza vitabu vya kutisha walichuma; hao ndio waliotia chumvi, si fundi.

Sasa iko nyingine. Mashine nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na zile za namna ya zamani zitajaa kipimo tarehe 19 Januari 2038, hapa kwetu saa 12 na dakika 14 asubuhi. Kijana wetu yule anasomea kompyuta. Tumemwambia aanze kupekua.